Vidonge vya Masasi

Jumatatu, 6 Juni 1994
Kidonge baada ya uji, kama kawaida. Kisha shambani kupuliza salfa kwenye mikorosho. Nimerudi mapema. Joto limenipanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho chapachapa, na Newala yote leo imevaa sweta. Nimemwambia mke wangu, Mama Agnesi, ni salfa. Hajui habari ya saratani yangu ya tezi dume. Anajua nina dawa ya mkojo, basi.

Jumamosi, 11 Juni
Shanga nyeupe juu ya mto. Hiyo ndiyo lugha yetu tangu tuoane: nyekundu, subiri; nyeupe, karibu. Kwa mdomo hajawahi kusema, ndivyo somo yake alivyomfunda unyagoni. Nimezisogeza mezani, nikageukia ukuta. Sina hamu. Si kwamba imepungua, sina kabisa. Daktari alinionya kuwa dawa inakata nguvu za kiume ili uvimbe usinyae. Nilidhani nitajikaza.

Jumapili, 19 Juni
Matiti yameota. Yanauma nikiinama. Kanisani nimevaa koti. Jirani kanitania kuwa wanunuzi wapya wa korosho wameninenepesha. Nimecheka, mjinga mimi.
Mama Agnesi aliimba upande wa wanawake. Nimeitazama shingo yake ibada nzima. Zamani ningeona padri anachelewa kumaliza.

Alhamisi, 23 Juni
Nimetoka Masasi kuchukua vidonge, namkuta Bibi Esta barazani. Ndiye somo ya mke wangu. Shida ya chumbani mke hamwambii mume, humtuma somo.
"Shikamoo, Bibi."
"Marahaba, Baba Agnesi. Mwenzio anauliza, huko Masasi umejenga?"
Yaani nina mwanamke. Nimenyamaza, naye kaona nimekiri. Mama Agnesi anafunga nguo zake. Jumamosi anarudi kwao Chiwata.

Ijumaa, 24 Juni
Nimemruka somo. Nimezungumza na mke wangu mwenyewe, mchana kweupe, nikafungua na shati. Kayatazama matiti. Nikamtajia saratani. Kalia, kisha kakasirika: heri ningekuwa na mwanamke, huyo angeweza kumfukuza.

Jumapili, 26 Juni
Hakwenda Chiwata. Baada ya chakula tumejilaza. Kauchukua mkono wangu, kauweka tumboni mwake, kasinzia. Ananukia sabuni. Nampenda mno, na mwili wangu kimya. Nimekaa macho nikiitamani ile hamu yenyewe, mpaka alipoamka kwenda kuanua muhogo.