Macho Niliyoyatia

Port Moresby, Jumapili

Kwako Dada Imelda,

Kabla ya salamu nakusihi: isome barua hii peke yako, kisha uitie motoni. Hata mama asijue neno. Baada ya hapo, hujambo? Watoto wanaendeleaje? Mimi ni mzima, wa mwili tu.

Unajua chuo kilichonifundisha sanaa ndicho kilichoniajiri ukarani. Majuzi Bi Geua, mtunza stoo, aliniagiza niorodheshe kazi za zamani za wanafunzi kwa ajili ya maonyesho. Nikakuta michoro yangu ya mwaka wa kwanza: mikono yako ikimenya magimbi, na mbwa wetu mwenye miguu mitano kwa kuwa nilisahau kufuta mmoja. Bi Geua aliuliza kama huyo mbwa alikuwa wa mashindano. Tukacheka.

Chini yake kulikuwa na sanamu. Dada, ni ile sura ya ukoo ambayo Mjomba Lasisi peke yake ana haki ya kuichonga, tena kwa ajili ya marehemu, kisha iachwe ioze. Niliichonga kwa kukumbuka nilichochungulia uani kwenye matanga ya babu. Ruhusa sikuomba. Mwalimu aliponiuliza inamwakilisha nani, nilimtaja mjomba, aliye hai. Angalau macho sikuyatia. Bila macho ni gogo tu; hilo tumelelewa nalo.

Kisha ikaja barua yako, kwamba mjomba aliamka Jumanne haoni, akawa anauliza ni nani aliyefunga madirisha.

Sasa nakuungamia. Jumatatu, siku moja kabla ya hiyo Jumanne, Bi Geua aliitazama sanamu akasema, “Nzuri, ila fundi ulichoka njiani, mwanangu?” Nikaona haya. Ni kiburi tu, dada. Nilikwenda sokoni nikanunua vile vifuniko vya kijani vya konokono wa baharini, nikavibandika viwe macho, kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu hapo nikiingia stoo inanitazama kama mjomba alivyonitazama nilipokosea.

Maonyesho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kuyang'oa naogopa: sijui nitamrudishia yake au nitammaliza. Mwenye kauli ni yeye. Mshike mkono, umweleze yote, aamue: niyang'oe, niichome, au nimpelekee.

Msalimu mama, bila kumweleza lolote.

Nduguyo,
Titus

Usipige simu ofisini. Bi Geua ndiye hupokea. Piga duka la mikate mbele ya geti la chuo, saa sita mchana. Nitasimama hapo kila siku. Nipe neno la mjomba, basi. Na kama ameshakata kauli kabla ya kujibu, usiseme kitu. Iache ilie mara tatu, ukate. Nitajua sanamu imempata mwenyewe.