Majibu Aliyojaza Mwalimu

Pacha, mwenzio nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Nimetoka sasa hivi kwenye ile shule niliyojaribia programu yangu ya hesabu. Vishikwambi vyote nilivyowaachia watoto vimo kabatini, vumbi tupu!

Nikamuuliza mwalimu wa darasa, "Sasa majibu ya watoto yalitoka wapi?"

Akainamisha macho. "Dada, nilijaza mimi. Watoto walishindwa kuielewa, na wewe ulikuwa unahangaika. Nikakuonea huruma."

Huruma, Pacha! Makala ya majibu hayo ndiyo iliyonipandisha cheo chuoni. Nimepata uprofesa kwa huruma!

Nikampigia mkuu wa kitivo, nikamweleza yote. Akauliza, "Na zile makala zako nyingine?"

Pacha! Zote nimeziandika kutokana na majibu ya mwalimu yule mmoja.