Jina la Mugomba

Himbi, le 8 septembre 2024

Kwa Apolline, mama Sylvie,

Jambo sana. Mwili unaendelea? Sylvie anakohoa bado? Na ile bashi yenye inafunika nyumba yenu, ilishinda mvua ya juzi, ao mvua ndiyo ilishinda? Mimi niko muzima, ila magoti, lakini si magoti yanaandika.

Najua, mu desturi yetu baba mukwe hapashwe kuchekesha bibi ya mutoto wake. Lakini karatasi haina macho. Na hapa ku Nyumba ya Batumishi balitunyanganya telefone siku ya kwanza. Masera Eugénie, mutawa mwenye anaongoza mafundisho, alipita na karto: "Bazee, wekeni humu. Miezi tano tutasikilizana sisi kwa sisi." Basi posta yetu ni Mama Ernestine, muuzaji wa sombe. Akileta sombe, analeta barua. Usishangae kama hii inanukia majani ya muhogo.

Tuko kumi na mbili kama mitume, na Yuda hatujamujua bado. Wengi ni bamwalimu, banatembea na diplôme d'État mu mufuko. Mimi mwenye niliishia darasa la tano la primaire nakaa mbele. Baliniuliza juu ya nini shirika la bakristo ba kambi yetu ya bakimbizi lilinichagua mimi kuwa muongozi wake. Nikasema ukweli: kati ya bazee bote mimi ndiye nilikimbia kwetu Kiwanja na lunettes zangu za kusoma.

Hapa uongozi unajifunziwa ku sahani. Mwenye anahubiri asubuhi, ndiye anaosha sufuria. Ukihubiri murefu, uji unakauka na kushika ku sufuria kama simenti. Tangu nijue ile, mahubiri yangu ni dakika ine. Masera anasema ninaendelea mbele.

Naimba, naomba, naosha. Ndani hakuna kitu kinatembea. Labda ni uzee.

Babu ya Sylvie


Kanyaruchinya, le 22 septembre 2024

Baba mukwe,

Salamu nyingi zenye heshima. Sisi tuko. Sylvie hakohoe tena. Bashi inavuja upande wa mulango, tulihamisha mufuko wa unga. Barua yako niliisoma kwa sauti, majirani bakacheka juu ya zile sufuria.

Baba, niko na neno moja.

Mwezi wenye unakuja, itakuwa miaka mbili tangu mutoto wako Benny atoke Kiwanja na pikipiki kufuata maharagi. Unajua vile ule shofere alituambia. Alimuona amekufa kando ya barabara, akamutambua ku koti ya bluu, hakuweza kusimamisha gari juu masasi yalikuwa yanalia. Hakusema "labda". Ile "labda" ni wewe uliiongeza.

Miaka mbili niko mu kitambaa cheusi. Siimbe ku korali. Sikae na bamama ku harusi. Paulin, ule fundi mwenye anachonga chukudu za miti za kubebea mizigo, ameniuliza ndoa, na aliniuliza kwa heshima. Mwezi wa février anahamia Bukavu kwa kaka yake, anataka twende naye, mimi na Sylvie. Sina ruhusa ya kumujibu. Desturi unaijua kuliko mimi: kama baba ya bwana hajasema mbele ya batu kama mutoto wake alikufa, mujane si mujane, angali bibi ya mutu.

Nitoshe mu matanga, baba, nivue hiki kitambaa. Ni wewe peke unaweza.

Mama Sylvie


Himbi, le 13 octobre 2024

Mama Sylvie,

Habari ya huko? Mimi nimekonda, lakini Masera anasema ni ya kiroho.

Juma hii tulijifunza kusikiliza. Mutu anakaa mbele yako, anaongea dakika kumi, na wewe haupashwe kujibu, kupatia shauri, wala kusema "hata mimi". Nilianguka dakika ya pili. Mwalimu Aubin, jirani yangu wa kitanda, alikuwa ananielezea ugomvi wake na ndugu yake, nikamuuliza nani alibaki na mbuzi. Masera akapiga meza: "Muzee Luc! Mbuzi inakuhusu nini?" Kumbe alibaki nayo ndugu yake. Nilijua tu.

Ziwa liko hapa karibu, ukitupa jiwe linaanguka mu maji. Asubuhi bazungu ba ONG, bale ba musaada, banakimbia kando yake, na hakuna mutu anabafukuza. Sisi tulikimbia na magodoro ku kichwa, hatukujua kama ni sport.

Paulin namujua. Chukudu yake niliisukuma siku moja, nataka kwenda soko, ikanipeleka ku mission. Inavuta kushoto. Mutu mwenye hawezi kunyoosha gurudumu mbili za miti, atanyoosha nyumba?

Na ile ingine. Matanga bila maiti ni kama kufunga mulango, na mutu angali mu njia anakuja. Ule shofere alikuwa anakimbiza gari. Makoti ya bluu ni mengi. Ngoja nimalize mafundisho, tutaona.

Umubusu Sylvie.

Babu yake


Kanyaruchinya, le 27 octobre 2024

Baba mukwe,

Salamu. Tuko bazima.

Umeandika kurasa ine. Mbuzi iko mule, ziwa liko mule, bazungu bako mule. Benny hayuko.

Nilifikiri nitakasirika. Sikukasirika. Nilichota maji, nikapika, nikalala. Siku hizi mambo yote yanapita vile, kama ni mutu mwingine anafanya, na mimi naangalia.

Miaka mbili ilitimia juzi. Hakuna mutu alisema kitu. Sylvie aliniuliza kama baba yake alikuwa murefu. Nikasema ndiyo. Sikumbuke vizuri.

Shirika linakungojea uje kuzika batu. Juma hii tulizika batoto babili bila muongozi. Nikajiuliza: muzee atazika maiti ya bengine namna gani, na yake anaikimbia?

Haupashwe kujibu. Ulijifunza.

Mama Sylvie


Himbi, le 15 décembre 2024

Mama Sylvie,

Salamu. Leo sitauliza habari ya bashi. Barua yako niliikunja na kuikunjua mpaka karatasi ikapasuka katikati. Sasa sikiliza mambo yenye nilifanya.

Siku ya ine tulikuwa na zoezi la kuzika. Padri halale kambini. Mutu akikufa, ni muongozi wa shirika anamuzika, basi banatufundisha. Masera alikatisha mugomba mu shamba, bakaufunga mu mukeka, bakachimba shimo chini ya muti wa avoka, na kila mutu anauzika kwa zamu yake. Ukimaliza, mwenye anakufuata anautosha mu shimo, anazika tena. Mugomba moja, maiti kumi na mbili. Na kila mara, mbele ya kuanza, Masera anauliza: "Jina la marehemu?"

Bengine balikuwa banatoa majina ya kuchekesha. Mwalimu moja alizika mama mukwe wake, mwenye angali muzima kule Beni na anakula vizuri. Zamu yangu ikafika, bote bakaanza kucheka mbele nifungue kinywa. Nilikuwa nimejitayarisha, nisamehe: nilitaka kumuzika Paulin, yeye na chukudu yake.

"Jina la marehemu, muzee?"

Nikasema: "Paluku Benny. Mutoto wangu wa kwanza."

Sijue lilitokea wapi. Bakacheka bado kidogo, juu ni mimi. Kisha bakaacha, mumoja mumoja. Masera akasema pole pole: "Muzee, tusimamishe zoezi?" Nikasema: "Tusisimamishe, nimeshafungua zaburi." Nikaendelea mpaka mwisho. Nikatupa udongo. Nilingoja machozi, hayakuja. Nilisikia njaa. Nikakumbuka kama asubuhi mimi ndiye nilihubiri, nikaenda kuosha sufuria.

Kisha nikarudi ku shimo. Mwalimu Aubin alikuwa ameshuka mu shimo atoshe mugomba, ilikuwa zamu yake. Nikamwambia: "Mwalimu, toka mule." Akafikiri ninachekesha. Nikamwambia tena. Akatoka. Balienda kukata mugomba mwingine, na kuchimba shimo lingine.

Nilimuuliza Masera: "Ile yangu inahesabika?" Akajibu: "Kwa Kanisa ni zoezi tu, muzee." Sawa. Lakini wewe ni mutoto wa kwetu, unajua: mutu mwenye mwili wake ulipotea, banazika mugomba mahali pake. Baba yangu alizika vile ndugu yake mwenye muto ulibeba. Kitu chenye nilikataa miaka mbili, nimekifanya mu zoezi, na nilipata 80 pour cent.

Benny alikufa. Nimeiandika. Vua kitambaa.

Mama Ernestine anakuletea kikwembe ya kujifunga. Ni ya manjano. Mimi sijue rangi.

Babu ya Sylvie


Kanyaruchinya, le 5 janvier 2025

Baba mukwe,

Heri ya mwaka mupya. Noeli tulikula muchele. Sylvie aliota meno mbili mahali pa yale ya utoto.

Nilisoma barua. Hata mimi sikulia. Nililala muchana mpaka jua likateremuka, Sylvie akafikiri niko mugonjwa.

Kikwembe ni nzuri. Sijaivaa. Bamama ba shirika balisikiliza barua mpaka mwisho, bakasema: karatasi si kinywa. Mugomba ulizikwa Himbi, mbele ya batu ba Himbi. Kitambaa hiki nilikivalia hapa. Basi uje siku ya Mungu, tarehe 2 février, mukiisha kumaliza mafundisho. Useme lile neno mbele ya mulango wetu, kisha baninyoe, nioge, nivae. Paulin atangoja ile siku. Kesho yake ni bwato ya ziwa, ya kwenda Bukavu.

Usilete hata zile dakika ine za mahubiri. Lete neno moja.

Ku milima mabomu yanalia sana siku hizi. Tumezoea.

Uje, baba.

Mama Sylvie


Himbi, le 23 février 2025

Mama Sylvie,

Nilipashwa kuanza na salamu, lakini sijue nisalimie upande gani.

Tarehe 2 sikuja. Vita viliingia mu muji juma ile ile. Tulilala chini ya meza za kulia, bamwalimu na diplôme zao, mimi na lunettes zangu. Misalaba yetu ya kumaliza mafundisho Masera alitugawanyia pale pale chini, bila misa, bila picha. "Mumetumwa," akasema. Nikamuuliza: "Kwa nani, Masera?" Alikuwa anagawanya biskuti.

Barabara ilipofunguka nilipanda huko kwa miguu na Mama Ernestine. Kambi haiko tena. Bale baliingia mu muji baliambia batu barudi kwao, bengine balibomoa benyewe mbele baambiwe. Kumebaki makoro tu, yale mawe meusi, na mashimo ya miti, na viatu vya mguu moja moja. Mahali penu nilipajua ku mawe matatu ya jiko, na lile la kushoto lenye lilipasuka.

Mwanaume mumoja alikuwa anafunga mizigo ya mwisho. Akasema mulitoka mapema. Hajue kama mulishika njia ya Kiwanja ao njia ya bwato.

"Alikuwa na mwanaume?"

"Kulikuwa na banaume wengi, muzee."

"Alivaa nyeusi, ao manjano?"

"Muzee, batu bote balikuwa rangi ya vumbi."

Bon. Nilitumwa, nikafanya kazi. Nilisimama mbele ya yale mawe matatu. Mama Ernestine akatua kitunga chake cha sombe. Nikasema kwa sauti, kama vile uko ndani unachekecha unga: "Mimi Luc, nasema mbele ya batu. Mutoto wangu Benny alikufa ku barabara. Nilimuzika. Bibi yake alivaa matanga miaka mbili, yamemutosha. Atoke. Aende kwenye anataka, na mwenye anataka."

Mama Ernestine akasema amina. Ule mwanaume wa mizigo akavua kofia. Kulikuwa hata mbuzi moja, hiyo sijue ni ya nani, na sikuuliza.

Kisha tukateremuka.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja inaenda Bukavu na mutu wa bwato. Nilimwambia aulize fundi mwenye chukudu zake zinavuta kushoto, batamuonyesha. Ya njia ya Kiwanja iko na Mama Ernestine, mwenye anafika kwenye posta haijafika. Kama inakukuta ungali mu nyeusi, ujue kama neno lilishasemwa ku kinywa, na batu babili balisikia. Bakunyoe, uoge, uvae. Kama ulishavaa ya manjano, barua hii uiwashie moto.

Umwambie Sylvie kama baba yake alikuwa murefu. Alikuwa anainama ku mulango wangu kila mara, na kila mara anasahau, anagonga kichwa.

Mimi,

Baba ya Benny