Vidonge Visivyo na Tarehe

Jumanne, Ndungu

Bado namsikia yule bibi.

Lile duka la dawa sisi wakaguzi tulilifunga mchana. Watu wa hapa hununua nusu dozi, basi mwenye duka hukata pakiti kwa mkasi, na kipande chenye tarehe anakitupa. Dawa zake zote za malaria zilishaisha muda. Tulipoweka kufuli nilijisikia vizuri kabisa.

Ndipo bibi akaja na mjukuu mgongoni, mkononi vidonge vitatu alivyonunua hapohapo juzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi niendelee kumpa, au niache?"

Nikamwambia aache, ampeleke hospitali kule Gonja. Vidonge nikavichukua, nikavitia kwenye mfuko wa ushahidi. Mtoto hakulia. Alikuwa amefumbua macho tu.

Bibi akatazama kufuli, akatazama barabara. "Ahsante, mwanangu." Akaanza kutembea kuelekea Gonja na lile jua.

Kwamba duka tulilifunga kwa ajili ya watu kama yeye, hilo sina shaka nalo. Lakini...

Gari letu lilikuwa limejaa dawa tulizokamata. Ningeshusha maboksi mawili tu, wangepata pa kukaa.