Harufu Niliyoingia Nayo Gachoka

Mutwiri, kifungua mimba wangu,

Simu zangu hupokei, na silaumu. Acha nikuandikie.

Unakumbuka ulipoanza mambo ya kungfu? Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ulikuwa unapiga gunia la maharagwe kwa viganja, pu, pu, hadi kuku wanatoroka. Halafu unajipaka ile dawa ya Kichina, mizizi iliyolowekwa kwa pombe kali, nyeusi kama chai iliyosahaulika motoni. Nilingoja viganja viwe vigumu kama mpini wa jembe. Wapi! Vilibaki laini, vimeshika rangi ya kahawia kidogo, bila ufa hata mmoja. Hapa Ruiri hakuna mama ambaye sikumwonyesha. Pale nje ya kanisa nilikushika mkono nikawaambia, "Guseni. Huyu anapasua matofali."

Ukaninong'oneza, "Mama, hata moja sijapasua." Nikakukanyaga mguu.

Mikono yangu mimi ndiyo ilikuwa imepasuka. Jembe na viazi vimeimaliza. Siku ile ya kwenda Gachoka kumposa Wanja, niliona haya kusalimia wakwe na nyufa zile. Ulipokuwa unaoga nikachukua chupa yako nikajipaka, nikarudia, hadi kwenye viwiko. Iliwasha kama pilipili, nikavumilia. Baadaye ngozi ikatulia, nikajiona mke wa chifu. Njiani mjomba wako alifungua madirisha yote ya gari, nikadhani ni joto la huko Mbeere kwa wakwe.

Cucu, yule nyanya yake Wanja, alinishika mikono yote miwili. Akainama, akanusa. Akauliza polepole, wazee wote wakisikia, "Hawa wametoka baa?"

Na ni mimi niliyekuwa nimewaambia kwamba kwetu pombe haijawahi kuvuka mlango. Wewe ukasonga mbele, ukamnyooshea mikono yako. "Cucu, ni mimi. Harufu ni yangu."

Nikanyamaza, mwanangu. Nilikuacha ukasimama hapo wakikutazama kama mlevi, hadi wakasema hawawezi kutoa msichana wao hivyo. Tuliporudi hukunywa hata chai yangu. Ulichukua begi ukaenda.

Tangu siku hiyo naona aibu hata kufumba mikono niombe. Akina mama wa kanisa wakiniuliza harusi ni lini, mimi na huu mdomo wangu wote natazama chini.

Jana nilienda Gachoka peke yangu na chupa uliyoacha. Sikujipaka. Nilimwambia cucu, "Aliyenuka ni mimi, kwa dawa hii ya kujipaka. Mtoto alinifunika."

Alifungua chupa, akanusa, akarudi akanusa mikono yangu. Kisha akajimiminia kidogo kwenye vidole vyake vilivyojikunja, akasugua taratibu, nami nimesimama kama mtoto wa shule aliyechelewa. Mwishowe akasema, "Mwambie arudi. Aongee mwenyewe. Wewe utakaa nyuma." Nilipoinuka kuaga, chupa aliiweka chini ya kiti chake.

Basi rudi, Mutwiri. Wanja alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza tu kama unakula vizuri. Hata hilo silijui.

Nitakaa nyuma kabisa, na nyufa zangu. Mambo ya matofali sitayataja. Labda waniulize.

Ni mimi mama yako, uliyemfunika