Droo ya Majivu

Mwanangu Izza,

Huku Azrou theluji imeanza mapema. Mgongo umemlaza baba yako, kwa hiyo leo asubuhi nimesafisha jiko la kuni mwenyewe. Nilishusha bomba, nikakung'uta masizi uani, kisha nikavuta droo ya majivu. Siku zote alinikataza: "Acha, utajichafua bure."

Humo nilikuta kipande cha bahasha ambacho hakikuungua, chenye jina lako na anwani hii ninayokuandikia. Miaka mitano nimeamini kwamba umenisahau.

Nikampelekea kitandani. "Hiki nini, Baba Izza?"

Akageukia ukutani. "Aliolewa bila idhini yangu. Ulitaka nifanyeje?"

"Zilikuwa barua ngapi?"

"Sikuhesabu. Lakini nilizisoma zote kwanza." Akajivutia blanketi. "Ana binti. Amempa jina lako."

Nilikaa sakafuni na mikono yangu myeusi, nikalia. Mpaka sasa sijamwashia moto, na nyumba ni baridi.

Niandikie tena yote, mwanangu, tangu siku uliyoondoka. Barua uitume kwa mama yako mdogo, Tuda. Anza na mtoto.

Mama yako anayekungoja,
Itto