Kaseti Kutoka Kutulo

Garissa, Jumanne, Mei 1996

Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Habiba, anayesomea ualimu kwangu kwa kaseti kutoka Kutulo, alipaswa kusikiliza somo la nusu na robo, kisha anijibu kwa barua. Leo lori limeirudisha kaseti, na sauti yangu haimo.

"Bole mwalimu," anasema Habiba humo, 'pole' kwa lafudhi yake, "nimebonyeza kitufe ya kurekodi, nimekufuta. Basi nafundisha mimi."

Nikamsikia akiwagawia watoto wanne maziwa ya ngamia, kila mmoja robo yake, nao wakibishana nani kapunjwa. Nilicheka peke yangu.

Sina nakala nyingine, na wanafunzi wangu wa Rhamu wanasubiri somo hilo hilo. Tena somo langu, kusema kweli, lilikuwa kavu.

Kesho naituma Rhamu kama ilivyo. Juu yake nimeandika: Mwalimu Habiba.